Meno ya Dhahabu ya Kompyuta ya Mama Matiko

Jumatatu, 3 Agosti 2009. Kewanja.

Nimerudi kutoka ng'ambo ya mpaka. Mzima! Vifaa vyote vilikuwa ndani ya gunia la mahindi, na pale Sirari askari hakugusa hata kamba. Aliniuliza tu naenda wapi. Nilitokwa jasho mpaka nikasahau jina la kijiji ninachoishi. Nikasema naenda nyumbani. Akasema haya, nenda nyumbani.

Mpango ni huu. Mama Matiko, mwenye karasha kubwa ya kusaga mawe hapa Kewanja, anaibiwa. Anaacha viroba vya mawe ya dhahabu jioni, asubuhi havitimii. Mlinzi anaapa hajalala. Mimi nikamwambia dawa ni kompyuta yenye kamera, inayotazama bila kusinzia. Akauliza kama nimewahi kuunda kompyuta. Nikasema nyingi. (Nimewahi kufungua moja na kuifunga. Zilibaki skrubu.) Malipo yangu si pesa. Ni kile chumba cha matofali kando ya karasha, chenye bati zima na waya wa jenereta. Mke wangu Beryl amebeba mimba ya miezi mingi na tunalala chumba kinachovuja. Mimi ni Mjaluo wa Sirari, hapa sina ukoo wala shamba. Nikipata chumba kile, nimekuwa mtu wa Kewanja. Nikikikosa, sijui.

Vifaa nimenunua kwa binamu yangu Ochieng, Isebania, upande wa Kenya. Ameniapia kwamba ni original, bro, hakuna mchezo hapo. Hasa zile RAM, vile vibao viwili vya kumbukumbu. Vina meno ya dhahabu upande mmoja, yamejipanga vizuri kama ya mtoto wa shule. Lakini mimi ni mtu wa machimbo sasa. Kitu cha njano hakiaminiwi kwa macho. Na Ochieng ndiye aliyeniuzia saa ya mkononi ikafa kabla sijavuka mpaka.

Kwa hiyo nikapita kwa rafiki yangu Simioni, anayeosha mchanga na kukamata dhahabu kwa zebaki. Akachovya kitambaa kwenye zebaki, akasugua meno yale taratibu, yote, pande zote. Yakageuka meupe! Safi kabisa, yanang'aa kama sufuria mpya. Simioni akasema jibu kamili atalipata akichoma ile zebaki, akipata nafasi, ndipo tutajua kama kulikuwa na dhahabu au rangi tu. Sina haraka. Angalau zimeoshwa.

Jumanne, 4 Agosti

Siku mbaya.

Niliunda mashine mbele ya watu. Hilo lilikuwa kosa la Mama Matiko, si langu. Aliwaita wasagaji, wachekechaji, mlinzi, na mwanawe Matiko, kijana mwenye mabega kama mlango. Hata Nashoni alikuja. Nashoni ni fundi wa redio na simu, kibanda chake kinatazamana na changu, na kila mteja anayeingia kwake namhesabu kuwa wangu aliyepotea. Alisimama nyuma na mikono mfukoni. Sipendi mtu anayenitazama nikiwa kazini na mikono mfukoni.

Nikafunga bodi. Nikachomeka prosesa. Nikazipachika RAM zangu safi, nikazionyesha kwanza kwa watu, wakasema aaa. Nikasema sala fupi. Jenereta ikawashwa. Nikabonyeza.

Feni ikazunguka! Watu wakapiga makofi. Mama Matiko akacheka, na mimi sikuwahi kumwona akicheka.

Kisha kioo kikabaki cheusi. Tukangoja. Kikaendelea kuwa cheusi. Halafu mashine ikaanza kulia. Piii. Kimya. Piii. Kimya. Piii. Kama lori la mgodi linalorudi nyuma. Mlinzi akasogea kando, nadhani alifikiri litamgonga.

Mama Matiko akauliza inasema nini. Nikajibu inaamka polepole, kwa kuwa ni mpya na imesafiri. Akaniambia, mura, kijana wangu, mimi nikisafiri huwa naamka siku hiyo hiyo. Akaondoka. Watu wakaondoka. Piii ilibaki na mimi. Naisikia hata sasa, na jenereta imezimwa tangu jioni.

Jumatano, 5 Agosti

Nimejaribu kila kitu. Naapa, kila kitu.

Nimebadilisha kebo. Nimebadilisha pawasaplai na ile ya kompyuta mbovu ya ofisi ya kanisa. Nimeazima monita yao pia, bila kuwaambia kwa undani. Nimelaumu jenereta, nikaomba waizime wasagaji ili ipumzike. Wasagaji walinitazama kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka. Nimeng'oa prosesa na kuirudisha. Ile dawa nyeupe inayopakwa juu yake Ochieng hakunipa, nikapaka dawa ya meno. Sasa kompyuta inanukia vizuri. Haiwaki.

Piii.

Mchana Nashoni akavuka barabara. Kwa upole! Upole wa Nashoni ndio unaonitisha kuliko ugomvi wake. Akasema mlio wa namna ile mara nyingi ni RAM. Nizitoe, nisugue meno yake kwa ufutio wa penseli, nizirudishe. Nikamshukuru. Nikamwambia nitalifikiria. Sitalifikiria! Katika mashine nzima kuna kitu kimoja tu nina hakika ni kisafi, na adui yangu anataka nikiguse hicho hicho. Nimeona mtego wake kutoka mbali.

Jioni nikapanda kilimani kutafuta mtandao, nikampigia Ochieng. Akauliza imefanya nini. Nikamwigizia mlio. Akacheka, kisha akasema aki hiyo ni RAM, bro, cheki RAM kwanza. Nikamwambia RAM nimezipima mwenyewe. Akauliza nimezipimaje. Simu ikakatika. Kwa kweli niliikata. Maswali yake yalikuwa ya kunidharau.

Inawezekana Nashoni na Ochieng wanajuana? Nimemuuliza Beryl. Beryl amesema nile.

Alhamisi, 6 Agosti

Asubuhi nilipoteza miaka ya uhai wangu. Jioni nimeipata tena, yote, na ziada.

Usiku viroba vinne vya mawe vilitoweka kwenye karasha. Vinne! Mama Matiko alikuja kwangu kabla sijanawa uso. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha wateja, kiti kikalia, na akaniuliza taratibu kama mashine ile ni kompyuta au ni sanduku. Matiko alisimama mlangoni, mwanga wote ukaisha. Mama akasema anaanza kujiuliza jambo. Kwamba tangu mimi nianze kuingia na kutoka kwenye karasha yake na bisibisi mkononi, mawe yamezidi kupotea.

Hapa Kewanja mwizi wa mawe hapelekwi kituoni. Anaokotwa asubuhi, amekufa. Niliwaza Beryl, niliwaza mtoto ambaye hajazaliwa, niliwaza mguu wangu wa kushoto, sijui kwa nini huo tu.

Ndipo mdomo wangu ukafanya kazi peke yake. Nikasema Mama, mashine hii ilikuwa nzima. Imeharibiwa. Nani anayeogopa macho yake? Mwizi! Aliyeharibu mashine ndiye mwizi wa mawe, hakuna mwingine. Na mtu mwenye ujuzi wa kuharibu mashine hapa kijijini, nikasema, hatuhitaji kumtafuta mbali. Nikatazama upande wa pili wa barabara. Sikutaja jina. Mimi si mchongezi.

Mama Matiko akageuka, akakitazama kibanda cha Nashoni. Kisha akamwambia mwanawe aende kwa Mzee Benedicto, wazee waite ritongo Jumapili, kijiji chote kikutane na mwizi atajwe mbele ya watu. Na mlalamikaji, akasema, ni mimi Ouma. Nitasimama, nitarudia maneno yale yale.

Nashoni amekwisha! Ritongo halina utani. Mtu akitajwa pale anahama na godoro lake, hiyo ikiwa ana bahati. Nimejipangia maneno. Nimemwambia Beryl aniandalie shati jeupe. Beryl ameuliza kama nina hakika Nashoni ameharibu mashine. Nimemjibu kwamba hakika huja yenyewe.

Ijumaa, 7 Agosti

Ee Mungu wangu.

Simioni alikuja mapema akikimbia, anacheka, ameshika kisahani. Ameichoma ile zebaki ya Jumatatu. Akanifunulia. Katikati ya kisahani, punje. Ndogo kama mbegu ya nyanya, lakini ya njano, njano ile yenyewe. Dhahabu! Akasema meno yale yalikuwa ya kweli, Ochieng hakunidanganya.

Nikaruka. Nikamkumbatia Simioni. Nikasema binamu ni binamu! Nilikuwa tayari kupanda kilimani kumwomba Ochieng radhi.

Kisha Simioni akasema zebaki yake ni kali, haiachi kitu, imeila yote.

Nikauliza yote ipi.

Akasema yote iliyokuwa kwenye meno.

Nikakaa chini.

Dhahabu iko kwenye kisahani. Kwa hiyo haiko kwenye RAM. Kwa hiyo kompyuta inauma bila meno. Kwa hiyo aliyeharibu mashine ni mimi. Na aliyeharibu mashine, kwa maneno yangu mwenyewe, mbele ya Mama Matiko na mwanawe, ndiye mwizi wa mawe!

Nikamuuliza Simioni kama dhahabu inaweza kurudishwa. Nikasema labda kwa gundi. Alicheka sana, akafikiri natania, akanigongagonga mgongoni na kwenda zake. Nimemsihi asimwambie mtu kuhusu punje. Akasema kwa nini, ni habari njema.

Beryl amesema niende kwa Mama Matiko sasa hivi nikaseme. Kwamba ni ujinga tu, na mtu hauawi kwa ujinga. Beryl hajaona mabega ya Matiko akiwa mlangoni. Nimemwambia shangazi Susana wa Susuni anaumwa. Akauliza ameanza kuumwa lini. Nikasema anaanza leo.

Ninaondoka.

Jumamosi, 8 Agosti. Susuni.

Shangazi haumwi. Anapalilia mihogo, na mimi ameniweka kwenye mstari wa pili na jembe. Amenisema kwamba napalilia kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

Kila pikipiki inayopita naingia ndani ya mihogo. Shangazi amehesabu kuingia kwangu mpaka amechoka. Mwisho akaniuliza, nyathina, mwanangu, umefanya nini. Nikasema sikufanya chochote. Akasema mtu ambaye hakufanya chochote hulala usingizi, na mimi usiku kucha alikuwa ananisikia nikisema piii.

Nina mpango mpya. Nabaki hapa. Beryl atanifuata. Tutalima. Mihogo haina meno.

(Baadaye.) Hapana. Hapana, hapana! Matiko amekuja na pikipiki. Sikumsikia, alizima injini kwenye mteremko ili isile mafuta. Amemwamkia shangazi shikamoo, kwa adabu kubwa, amepokea uji, na amesema mama yake amemtuma anichukue. Mlalamikaji hawezi kukosa ritongo lake mwenyewe. Amesema pia mama amempa kuku amletee shangazi kwa ajili ya ugonjwa. Shangazi akamtazama kuku, akanitazama mimi, akakohoa. Mungu ambariki.

Matiko hataki kuendesha jioni, barabara ni mbaya. Analala hapa, kitanda kilekile na mimi, yeye upande wa mlango. Ameniambia nilale vizuri, kesho ni siku yangu.

Jumapili, 9 Agosti. Kewanja.

Niko hai. Naandika hivyo kwanza.

Uwanjani kulikuwa na kijiji kizima. Nikawekwa mbele, kwenye kiti, kama bwana harusi. Shati jeupe Beryl alikuwa amelileta. Aliponipa alinishika mkono na kunong'ona niseme ukweli. Nikatikisa kichwa, lakini hata mimi sijui nilikitikisa kwa upande gani.

Mzee Benedicto akasimama na fimbo yake. Akaanza na habari mpya. Alfajiri ya leo vile viroba vinne vilikutwa kwenye karasha, vimerudishwa, vina umande. Aliyeviiba amesikia habari za mashine na ritongo, ameogopa, amevirudisha. Watu wakapiga vigelegele. Mimi pia nikapiga, nikidhani tumemaliza.

Mzee akasema bado. Mwizi hakuonekana. Lakini Ouma amesema aliyeharibu mashine ndiye mwizi. Kwa hiyo leo tumtafute aliyeharibu mashine. Kompyuta ikaletwa, Matiko ameibeba kwa mkono mmoja.

Nashoni akaomba ifunguliwe mbele ya wote. Nikasema ni hatari, umeme bado umelala ndani. Mama Matiko akasema uamke basi, tuuone. Nashoni akaifungua, akachomoa RAM moja, akaigeuza, akaigeuza tena. Hata yeye hakuelewa! Kwa muda mfupi nilipata tumaini. Akampa Mzee Benedicto. Mzee akampa mama mmoja mtwangaji wa mawe, Agustina, aliyekuwa mstari wa mbele. Yule akainua kibao juani, akageuza mara moja tu. Akasema, loo, hii imeshika zebaki.

Ikapita mkono kwa mkono. Uwanja mzima wa wachimbaji, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kuambiwa mara ya pili. Kompyuta hawaijui, lakini weupe ule wanaujua tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao. Wakaanza kuulizana nani atapaka zebaki kwenye kompyuta.

Na Simioni akasimama. Simioni, rafiki yangu, mwenye moyo safi kuliko wote! Akapaza sauti kwa furaha kwamba ni yeye, alimpimia Ouma siku ile ile aliyotoka ng'ambo, na ilikuwa dhahabu kweli, punje anayo nyumbani, atakayetaka aje aione.

Vichwa vyote vikanielekea. Mzee Benedicto akageuka polepole. Akasema basi mura, kwa maneno yako wewe, mwizi ni wewe.

Niliogopa. Sina neno kubwa zaidi ya hilo. Nilitazama miguu ya watu, mingi, yote ikinielekea. Masikio yaliziba. Nilitafuta uso wa Beryl nikauona umelowa machozi, na hapo nikajua kwamba mimi ni mpumbavu, na kwamba nitakufa nikiwa nimevaa shati aliloliosha yeye. Nikafungua mdomo. Kilichotoka, Mungu ananisikia, kilikuwa piii.

Mama Matiko ndiye aliyeinuka. Akauliza viroba vimerudishwa usiku gani. Wakasema wa kuamkia leo. Akamuuliza mwanawe usiku huo Ouma alilala wapi. Matiko akasema Susuni, kwa shangazi mgonjwa, kitanda kimoja na yeye, na anapiga mateke. Mama akawageukia wazee. Akasema huyu si mwizi. Huyu ni mjinga tu, na mjinga haliwi na ritongo.

Mtu mmoja akacheka. Kisha wa pili. Kisha uwanja mzima, wazee na fimbo zao, Nashoni ameshika mbavu. Mimi nikalia. Walicheka zaidi, lakini sikujali. Beryl alikuja akanifuta uso kwa kanga yake mbele ya watu wote.

Hukumu: Nilete RAM nyingine. Nashoni azipachike, mimi nishike tochi. Mashine ikiwaka, chumba ni changu bado, kwa sababu Mama Matiko anasema Beryl hawezi kuzalia kwenye chumba kinachovuja kwa ajili ya ujinga wa mumewe. Isipowaka mara hii, tunahama Kewanja. Na nimuombe Nashoni radhi. Nimemuomba. Akasema alinionea huruma tangu Jumanne. Jambo hilo sitamsamehe.

Alhamisi, 13 Agosti

RAM zimefika! Ochieng amezituma na mama mmoja anayeleta vitunguu, zimefungwa kwenye gazeti. Amesema hizi ni kali kuliko zile, na kwamba niziweke kwenye mashine moja kwa moja, nisipite popote. Watoto barabarani wananiita Tata Zebaki, yaani Baba Zebaki. Nawapungia mkono. Mtu mkubwa hagombani na watoto.

Mama Matiko ananingoja kwenye karasha. Nashoni ameshafungua sanduku. Jenereta inanguruma, naisikia hadi hapa. Beryl ameanza kukunja magodoro, amefagia kile chumba mara mbili. Ameniambia niende moja kwa moja. Nimemwahidi. Nimejifunza, nikamwambia, na nilimaanisha.

Njiani nimefungua gazeti kidogo tu, kuzitazama.

Zinang'aa mno. Hizi ni njano kuliko zile za kwanza, njano ya haraka haraka. Sizipendi. Zile za kwanza zilithibitika, Simioni ana punje yake. Lakini zile zilikuwa zile. Hizi nani amezipima? Na Ochieng, akijua sasa kwamba sithubutu tena kupima, atashindwaje kuniletea rangi? Mashine isipowaka leo, tunahama! Siwezi kucheza na maisha ya mtoto wangu.

Kwa hiyo nimesimama kwa Simioni, hapa ninapoandikia. Jino moja tu, la pembeni kabisa, ambalo naamini kompyuta hailitumii. Tone dogo la zebaki. Nimemwambia leo asichelewe, aichome papo hapo.